Usiilaumu Tremolo ya Zamani

Kuna kauli iliyokwisha kuwa kama sheria miongoni mwa wapigaji wa gita la umeme: tremolo ya zamani haishiki tuni, na asiyetaka kuaibika jukwaani anunue ya kisasa yenye kufuli. Ukambani kauli hii inapata wasikilizaji wengi, kwa kuwa gita la bei nafuu analoanzia kijana wa Kitui au Makueni mara nyingi ni nakala ya Stratocaster, lenye daraja la mtindo wa zamani. Gita likipoteza tuni katikati ya wimbo, lawama zote huliangukia daraja. Mwenye pesa huanza kulitamani daraja lenye kufuli la Floyd Rose. Asiye nazo hung'oa mkono wa chuma, akautupa uvunguni, na tuni ikaendelea kumpotea vilevile.

Hilo la mwisho lingetosha kutufikirisha. Mkono umeondolewa, daraja halitikiswi tena, lakini tuni bado inatoroka. Basi mkosaji ni nani? Nadai kwamba tuni haipotei kwa sababu daraja lilibuniwa mwaka 1954. Inapotea pale uzi unapokwama au kuteleza, na mara nyingi pale ni upande wa pili wa gita, mbali kabisa na daraja. Nadai pia kwamba kwa muziki unaopigwa kutoka Mwingi hadi Mtito Andei, kufuli za kisasa huponya ugonjwa ambao wapigaji wengi hawana, kisha zikawaletea mwingine.

Tuanze na chombo chenyewe. Tremolo ni daraja linaloinama. Mpigaji akibonyeza mkono wa chuma, daraja huinama kuelekea shingoni, nyuzi hulegea, na sauti hushuka. Akiachia, springi zilizofichwa mgongoni mwa gita hulivuta lirudi. Leo Fender alilitoa daraja la aina hii pamoja na Stratocaster mwaka 1954, na hataza yake ikapatikana mwaka 1956. Limeshikwa na skrubu sita kwa mbele, na chini yake kuna pande la chuma lenye nafasi ya springi hadi tano. Nyuzi sita za unene wa kawaida, zile za kuanzia 010 hadi 046, huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 46 zikiwa zimetuniwa. Springi huvuta upande wa pili. Daraja linaloelea hewani katikati ya nguvu hizo mbili ni kama mizani ya dukani: halitulii ila pande zote zikilingana.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, mpiga gita Mmarekani aliyejua pia kazi ya usonara, Floyd Rose, alichoshwa na gita lililokuwa likipoteza tuni kila alipotumia mkono kwa nguvu. Akaubana uzi kwa kufuli katika ncha zote mbili, shingoni na darajani, na mwaka 1979 akapata hataza. Eddie Van Halen aliutumia mfumo huo, na katika miaka ya 1980 ukatapakaa katika muziki wa roki duniani. Matoleo ya kwanza hayakuwa na njia ya kurekebisha tuni baada ya kufunga kufuli. Skrubu ndogo za kurekebishia juu ya daraja zilikuja baadaye.

Sina ugomvi na ubunifu huo. Anayeusukuma mkono hadi nyuzi zilale juu ya mbao kama kamba za nguo, kisha akataka zirudi zikiimba sawasawa, hana chombo bora kuliko Floyd Rose halisi. Uzi uliobanwa ncha zote mbili hauna pa kuteleza. Hoja ya watetezi wa kisasa ni ya kweli hapo. Kosa lao ni kuichukua kazi hiyo moja na kuifanya kipimo cha kazi zote, kisha kusema kwamba kisichofungwa kufuli hakiwezi kutulia.

Hebu tuufuate uzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Unatoka kwenye kigingi ambako umezungushwa. Katika magita mengi ya mtindo wa Fender, nyuzi nyembamba hupita chini ya kibanio kidogo kinachozishusha. Halafu uzi unaingia katika mfereji wa nati, kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwisho wa shingo. Unasafiri milimita 648 hadi kwenye kitako chake darajani, unapinda, na kushuka ndani ya pande la chuma. Kila mahali unapogusa kitu pana msuguano. Mkono ukibonyezwa, sehemu fulani ya uzi husogea juu ya nati. Mkono ukiachiwa, sehemu hiyo lazima irudi. Mfereji ukiwa mwembamba kupita kiasi, au plastiki yake ikiwa imekwaruzika, uzi hunasa njiani. Daraja limesharudi mahali pake, uzi haujarudi.

Hilo halihitaji kuaminiwa kwa maneno. Gita lenyewe litakujibu. Tuni uzi wa tatu, bonyeza mkono, achia, halafu upime. Ukirudi juu kidogo kuliko ulivyouacha, uzi umenasa kwenye nati: ulivutwa kuelekea kigingini ulipolegea, kisha ukashindwa kurudi. Sasa uvute uzi huo kwa kidole kando ya shingo na kuuachia. Ukirudi chini, nati imeshitakiwa mara ya pili, safari hii bila daraja kuguswa. Ukikaza kigingi taratibu ukasikia mlio mdogo, "tik", kisha sauti ikaruka ghafla, huo ni ushahidi wa tatu. Lakini ukibonyeza mkono na nyuzi zote zikarudi chini au juu kwa pamoja, hapo ndipo ulitazame daraja: huenda makali yake yamelika, au skrubu za mbele zimekazwa hadi kulibana.

Jaribio hilo linaigawa lawama vizuri. Nyuzi zikikosea kila moja kivyake, chanzo kiko kwenye nati na vigingi. Zikikosea kwa pamoja, chanzo kiko darajani. Wanaoilaumu tremolo ya zamani mara nyingi hawajawahi kutofautisha mambo haya mawili, wakati uzi unaolalamikiwa zaidi ni ule wa tatu, na mara nyingine wa pili, siyo nyuzi zote sita. Kama daraja ndilo lingekuwa mwovu, mbona linachagua uzi wa kuonea?

Historia nayo haiwaungi mkono. Hank Marvin wa The Shadows alipiga Stratocaster ya mwaka 1959 akiwa na mkono wa tremolo kiganjani karibu muda wote. Sauti ya "Apache" ya mwaka 1960 isingekuwapo bila mkono huo. Jeff Beck, ambaye ni wachache waliotumia tremolo kwa ustadi kama wake, hakuhitaji kufuli shingoni. Kwa miaka mingi magita yake yalikuwa na nati yenye vigurudumu, ili uzi upite bila kukwama. Angalia tofauti ya fikra hapo. Floyd Rose alizuia uzi usisogee. Nati ya vigurudumu inauacha usogee na kurudi bila kizuizi. Njia zote mbili zinashambulia adui mmoja, msuguano. Na Fender wenyewe walipoliboresha daraja katika American Standard iliyotoka kati ya 1986 na 1987, walipunguza skrubu sita zikawa mihimili miwili. Hawakuongeza kufuli. Walipunguza mahali pa kusuguana.

Sasa tuje nyumbani. Zisikilize rekodi za Les Kilimambogo Brothers za Kakai Kilonzo, au za Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, au Kalambya Boys waliowasindikiza Kalambya Sisters katika "Katelina". Utasikia gita la solo likidonoa noti kwa kasi juu kabisa ya shingo, gita la pili likijibu chini yake, na besi ikiruka katikati yao. Mara nyingi nyuzi mbili hupigwa pamoja, sauti moja ikiandamana na nyingine. Husikii noti ikiporomoka shimoni kisha ikapanda. Benga ya Kikamba imejengwa juu ya usahihi wa kudonoa. Hao waliokuja baadaye, akina Ken wa Maria, wameongeza kasi na vyombo, lakini kazi ya gita la solo imebaki ileile: kuwa wazi, kali, na kukaa sawa na wenzake.

Kwa muziki wa namna hiyo, daraja linaloelea lina bei yake, liwe la zamani au la kisasa. Mpigaji akiuvuta uzi mmoja kwa kidole, mzigo unaongezeka upande mmoja wa mizani, daraja linainama kidogo, na nyuzi nyingine zote zinashuka. Akipiga nyuzi mbili huku akivuta mmoja tu, ule uliotulia nao unapotoka. Akiegemeza kiganja darajani ili kuzima mlio, kama wengi wafanyavyo katika mdundo, nyuzi zinapanda. Kufuli haiwezi kuzuia lolote kati ya hayo, kwa sababu tatizo halihusiani na kuteleza. Nyuzi ziko imara kabisa katika kufuli zake. Chenye kuhama ni daraja zima.

Kisha kuna uzi kukatika, na katika onyesho la kukesha nyuzi hukatika. Uzi wa kwanza wa 010 peke yake hubeba zaidi ya kilo 7 kati ya zile 46. Ukikatika katika gita lenye daraja linaloelea, springi zinashinda, daraja linavutwa nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda zote kwa pamoja, kila moja kwa kiasi chake. Huwezi kuumalizia wimbo. Katika Floyd Rose, hapo ndipo kazi inapoanza: kutafuta spana ndogo ya Allen gizani, kufungua kufuli ya shingoni, kufungua ya darajani, kukata ile pete ya mwisho wa uzi mpya, kubana, kutuni, kurudia kutuni kwa kuwa kila uzi unaokazwa unawashusha wenzake, kisha kufunga tena. Ikiwa spana imesahaulika Wote na onyesho liko Kibwezi, gita hilo limelala. Lakini daraja la zamani likiwa limelazwa chini, likigusa mbao na kushikiliwa na springi za kutosha, uzi ukikatika wengine hawatikisiki. Mpigaji anamaliza wimbo kwa nyuzi tano, na uzi mpya unapachikwa kwa dakika chache bila kifaa chochote.

Hali ya hewa nayo ina neno, na hapa nitawapa wapenzi wa daraja linaloelea haki yao. Chukua bendi inayotoka vilima vya Mbooni, kwenye baridi, ikateremka hadi Kibwezi au Mtito Andei kwenye joto. Chuma cha nyuzi hutanuka zaidi kuliko mbao ya shingo. Joto likipanda kwa nyuzi joto 10, uzi wa tatu usio na msokoto, wenye unene wa 017, unaweza kushuka kwa takriban robo ya nusu toni, wakati uzi wa kwanza ukishuka chini ya nusu ya kiasi hicho. Ndiyo maana gita lililotuniwa kivulini huwa halijipatani lenyewe likishapigwa na taa za jukwaa. Daraja linaloelea hufidia sehemu ya mabadiliko hayo, kwa kuwa nyuzi zikilegea springi huchukua ulegevu. Daraja lililolazwa halifidii. Lakini fidia hiyo inatokana na kuelea, haitokani na kufuli. Stratocaster ya mwaka 1954 iliyoachwa ielee nayo inaipata. Na mpigaji wa daraja lililolazwa huzungusha vigingi nusu dakika kabla ya kuanza, wala hakuna anayekumbuka.

Tena tusisahau kwamba Floyd Rose inayosifiwa siyo ile inayopatikana kwa bei ya kijana. Mfumo halisi una makali ya chuma kilichokomazwa, kwa sababu uzito wote wa nyuzi unabebwa na vijimstari viwili vyembamba vinavyoegemea mihimili miwili. Nakala nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa aloi laini ya zinki. Makali hayo yakilika au kupata vidonda, daraja halirudi tena mahali pamoja, na nyuzi zote sita hupotea kwa pamoja hata kama kufuli zimekazwa kwa nguvu zote. Kijana huyo ameuza daraja la zamani lililohitaji kusafishwa nati, akanunua la kisasa ambalo fundi hawezi kulitibu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Wapo pia wa upande mwingine, wanaosema ya kale dhahabu na kuamini kwamba Stratocaster ikizeeka tuni yake inakomaa. Nao siwafuati. Zamani yenyewe siyo moja: mwishoni mwa mwaka 1971 Fender waliacha pande na vitako vya chuma vya awali wakaingiza vya kumiminwa katika kalibu. Gita la mwaka 1962 na la mwaka 1974 yote huitwa ya kale, lakini madaraja yao ni vitu viwili tofauti. Isitoshe, skrubu zilizolika, matundu yaliyopanuka na nati iliyochimbwa na miaka havipati utakatifu kwa umri. Umri haushiki tuni. Msuguano mdogo, vyuma visivyolika na nyuzi zilizofungwa vizuri ndivyo vinavyoishika.

Atakayenipinga atasema: mbona basi magita mengi yenye daraja la zamani hayatulii, ilhali yale yenye kufuli hutulia? Jibu liko katika namna yanavyouzwa. Gita la bei nafuu hutoka kiwandani na nati iliyochongwa haraka, vigingi vya kawaida, na daraja lililoachwa likining'inia bila kupimwa. Mnunuzi anaongeza nyuzi mpya ambazo hazijanyoshwa na kuzizungusha kigingini mara saba au nane. Kila mzunguko wa ziada ni nafasi ya uzi kujikaza na kujilegeza. Gita lenye kufuli huyaficha makosa hayo kwa kuuzuia uzi usiyafikie. Likilinganishwa na gita la zamani ambalo halijaandaliwa, lazima lishinde. Ulinganifu wa haki ni kati ya magita mawili yaliyoandaliwa vyema, na hapo, kwa mtu anayetikisa noti kwa upole au asiyetumia mkono kabisa, sioni faida ya kufuli inayolipa gharama yake.

Kinachohitajika kuliandaa gita hakikosekani Ukambani. Nati ya mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa huchongwa kwa msumeno mdogo na tupa nyembamba, na mafundi wenye mkono mzuri wa kuchonga tunao. Mifereji ipanuliwe kidogo kuliko uzi wenyewe, inyooshwe kuelekea kigingi chake, kisha ipakwe unga wa penseli. Uzi uzungushwe kigingini mara mbili au tatu, zaidi kidogo kwa zile nyembamba. Nyuzi mpya zivutwe kwa mkono na kutuniwa tena hadi ziache kushuka. Skrubu mbili za pembeni za daraja ndizo zibebe kazi. Nne za katikati zilegezwe kidogo zisilibane. Mpigaji wa benga aongeze springi moja au mbili mgongoni, daraja lilale juu ya mbao. Mkono bado atautumia akipenda, kwa kushusha tu.

Na anayepiga roki nzito, anayetaka kuzamisha noti na kuibua, anunue Floyd Rose, lakini iwe halisi, na mfukoni awe na spana mbili, moja ya kupoteza. Kwake huyo si anasa, ni kifaa cha kazi.

Wengine wote, kabla hamjauza gita na kabla hamjalihukumu daraja, itazameni nati kwanza. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Nairobi kununua daraja jipya. Kama baada ya nati, vigingi, nyuzi na skrubu kurekebishwa gita bado linapotea, hapo mtakuwa na kesi dhidi ya tremolo ya zamani. Kabla ya hapo, hamna.